Safari ya Tanga hadi Pangani: Nani Atamsemea Asiye na Ndugu?

Ndugu msomaji, leo tunakualika safarini. Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kiasi cha kilomita 50 tu. Njia inafuata pwani kuelekea kusini. Mkono wako wa kushoto ni bahari, ingawa huioni wakati wote kwa sababu ya minazi na vichaka. Mkono wako wa kulia utaona mashamba ya mkonge. Mistari yake ni mirefu na imenyooka kama iliyopigwa kwa rula.

Watu wengi hupita njia hii kwa shughuli za samaki, nazi na muhogo. Sisi tunakwenda kutazama jambo jingine. Tunataka kujua jinsi fedha ya serikali inavyomfikia mtu asiye na kitu, na ni nani hasa anayeifikisha. Fedha haina miguu. Ikitoka Dodoma hadi makao makuu ya wilaya, ni kazi ya ofisi. Lakini kutoka wilayani hadi kwenye mlango wa bibi anayesuka makuti, hapo lazima wapatikane watu.

TONGONI

Kiasi cha kilomita 17 kutoka mjini tunafika Tongoni. Tushuke kidogo. Karibu na bahari kuna magofu ya msikiti wa zamani, na makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ni ya miaka mia kadhaa iliyopita, wakati mji huu ulipofanya biashara na nchi za ng'ambo. Mengine yana nguzo. Katika baadhi ya nguzo zilipachikwa bakuli nzuri za kutoka mbali. Leo bakuli hazipo, yamebaki matundu yake.

Tazama makaburi hayo kwa makini. Kila aliyelala hapa alikuwa na watu wake. Palikuwa na mtu wa kuchonga jiwe, mtu wa kuchoma chokaa, mtu wa kushika kamba ya kupimia.

Desturi hiyo haijafa. Mpaka leo, pwani hii yote, utakuta vyama vya kuzikana. Huenda na wewe ni mwanachama. Wanachama hutoa fedha kidogo kila mwezi, au hutoa pale msiba unapotokea. Yupo anayetunza daftari. Yupo anayetunza fedha. Yupo ambaye nyumbani kwake yanawekwa masufuria na majamvi ya chama. Hakuna anayelipwa mshahara. Akifa mtu, sanda inanunuliwa, kaburi linachimbwa, wageni wanapata chai. Hapana anayesubiri barua kutoka wilayani.

Ni kazi nzuri, tena ya kujitolea. Lakini tuseme kweli. Chama cha kuzikana humsaidia aliyemo. Aliyeshindwa kutoa mchango hubaki pembeni, na mara nyingi anayeshindwa ndiye maskini kuliko wote. Watu wema watamzika, ndiyo. Lakini akiwa hai, nani anayemtazama?

KIGOMBE

Turudi garini. Mbele kidogo ni Kigombe, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Muheza. Ukifika siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, utaona wanawake wamepandisha kanga magotini, wanatembea juu ya mwamba na vijiti mkononi. Wanatafuta pweza. Hawana ngalawa, wala nyavu. Mwamba ndio shamba lao, na kwa wengine ndio shamba pekee.

Kwa hiyo mtu anayelipua baruti baharini haibi samaki wa serikali. Anavunja jiko la mjane. Pwani ya Tanga iliteswa sana na baruti kwa miaka mingi. Kuanzia 1994 hadi 2007 palikuwa na mpango mkubwa wa kuhifadhi pwani ya mkoa huu, ukisaidiwa na nchi ya Ireland. Vijiji viligawana bahari katika maeneo 6 ya kusimamiwa kwa pamoja, na sehemu nyingine za mwamba zikafungwa ili samaki wazaliane. Baadaye Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikatambua vikundi vya wanakijiji vya kulinda bahari. Wavuvi wanaviita kwa kifupi BMU. Wajumbe wake ni wavuvi hao hao, na wengi wao hukesha ufukweni bila malipo ya maana. Baruti nayo haikwisha mara moja. Ilipungua, ikarudi, ikapigwa vita tena.

Tumetaja habari ya mwamba kwa sababu watu husema msaada wa serikali kwa maskini ni fedha tu. Kumlindia maskini mahali anapopatia kitoweo nako ni msaada. Ila mwamba una wenyewe, yaani wenye miguu ya kutembea na macho ya kuona pweza shimoni. Bibi wa miaka 75 aliyeachiwa wajukuu hauwezi tena mwamba. Huyo ndiye aliyelengwa na mpango wa kunusuru kaya maskini.

Mpango huo unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao sote tunauita TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000. Kwanza ulijenga madarasa, zahanati na visima pamoja na wananchi. Mwaka 2012 ukazinduliwa mpango mpya wa kuipa fedha kaya iliyo maskini sana. Baada ya miaka michache mpango ulifikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Sehemu kubwa ya fedha imetokana na mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya nchi nyingine, pamoja na fedha za serikali yetu. Mkopo hulipwa. Kwa hiyo hata wewe usiyepokea una haki ya kuuliza fedha hizi zimekwenda kwa nani.

Tupige hesabu. Mpango ulipoanza, kila kaya iliyoandikishwa ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Kwa kila mtoto aliye shule ya msingi iliongezwa 2,000, lakini watoto wasizidi wanne. Basi bibi mwenye wajukuu wawili darasani alipata 10,000, na 4,000, na 4,000 nyingine. Jumla ni 18,000 kwa mwezi. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, hivyo mkononi alipokea 36,000. Viwango vimebadilika tangu wakati huo, lakini ukijua hesabu ya mwanzo utaelewa na ya baadaye.

Fedha hiyo ni ndogo. Tusidanganyane. Haijengi nyumba. Lakini muulize aliyewahi kushindwa kununua daftari atakwambia tofauti ya kidogo na hakuna. Wapo walionunua kuku, kuku wakazaa, wakauza, wakanunua mbuzi. Wapo waliokula zote kwa sababu njaa haikungoja kuku ataage. Wote hao ni binadamu, na hatuoni sababu ya kuwacheka hao wa pili.

Yalikuwapo pia masharti. Mtoto alitakiwa ahudhurie shule angalau siku 80 katika kila siku 100 za masomo. Mtoto mdogo alitakiwa apelekwe kliniki. Asipokwenda, fedha ilikatwa. Na kaya yenye mtu mzima mwenye nguvu ilipewa nafasi ya kazi za muda, kama kutengeneza barabara ya kijiji, kuchimba lambo au kuotesha miche. Malipo ya mwanzo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 katika mwaka.

NANI ANAANDIKA MAJINA?

Sasa tufike kwenye kiini cha safari yetu. Nani anasema huyu ni maskini na yule si maskini?

Watu wengi hudhani majina yanatoka wilayani. Sivyo. Maofisa wa halmashauri huja kueleza mpango, kisha kijiji kinaitwa mkutanoni. Mkutano ndio unaosema maskini wa hapa kwetu ni mtu wa namna gani. Je, ni anayekula mara moja kwa siku? Anayelala katika nyumba inayovuja? Ambaye watoto wake hawaendi shule? Baada ya hapo watu wanaojua kusoma na kuandika huchaguliwa kupita nyumba kwa nyumba na kuandika. Taarifa za kaya hupelekwa zikapimwa kwa kompyuta. Kisha orodha hurudi na kusomwa mbele ya mkutano, nanyi mnasema ndiyo au hapana.

Hutakiwa pia kamati ya kusimamia, inayochaguliwa na wananchi. Ndiyo inayowakumbusha akina mama siku ya kliniki. Ndiyo inayokwenda kumwita asiyesikia vizuri siku ya malipo. Miaka ya mwanzo fedha ilihesabiwa mezani hapo hapo kijijini, na wanakamati wakakaa juani toka asubuhi hadi mtu wa mwisho. Baadaye malipo mengi yalianza kupitia simu na benki. Hata hivyo bibi asiyejua kutumia simu bado anamhitaji mtu mwaminifu wa kumsomea ujumbe. Fikiri, msomaji, ni uaminifu wa namna gani huo. Unashika simu ya mtu, unaona fedha yake, naye haoni unachobonyeza.

Orodha inaweza kuharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuingiza asiyestahili. Hili lilitokea, na serikali yenyewe ililitangaza. Mwaka 2016 ukaguzi wa nchi nzima uliondoa zaidi ya kaya 55,000. Zilikuwamo kaya za watu waliokufa, waliohama, hata za viongozi. Magazeti yaliziita kaya hewa.

Njia ya pili ni kumwacha anayestahili. Hii haipigi kelele. Jina lililozidi laweza kuonekana katika orodha. Jina lililokosekana halionekani. Lazima mtu alikumbuke.

Tena kumbuka kwamba miaka ya mwanzo si kila kijiji kiliingia katika mpango. Karibu kijiji kimoja katika kila vitatu kilibaki nje, mpaka ilipoanza awamu nyingine mwaka 2020. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa maskini kuliko jirani yake wa kijiji cha pili na asipate chochote, kwa sababu ya mpaka tu. Hilo halikuwa kosa la kamati yoyote.

NG'AMBO YA MTO

Gari letu limefika Pangani. Huu ni mji wa zamani, wenye milango ya kuchonga na kuta zinazomomonyoka. Mto Pangani unapita hapa ukiingia baharini, ukiwa umebeba maji kutoka Kilimanjaro na Meru. Kijiji cha ng'ambo ni Bweni. Kwa miaka mingi watu, baiskeli na magunia vimevuka hapa kwa kivuko. Tuvuke nasi.

Upande huu wa kusini kuna mahali panaitwa Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa hapa Kikogwe, na ndiyo mwanzo wa mashamba yote uliyoyaona leo. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotushinda.

Mkonge haujikati wenyewe. Wenyeji wa pwani hawakutosha, na wengine hawakuitaka kazi hiyo. Basi wakaletwa watu kutoka mbali: Kigoma, Songea, Njombe, nchi ya Wamakonde pande zote mbili za Mto Ruvuma, Burundi na Rwanda. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi maalumu ya kuwatafuta na kuwasafirisha, iliyoitwa SILABU. Ilifungwa 1965. Kila mtu alipewa namba, nao wakaitwa manamba.

Wengi walirudi kwao. Wengine hawakurudi. Walioa huku, au hawakuoa. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Kisha bei ya katani ilianguka kwa sababu dunia ilipata kamba za nailoni, na mashamba yakaingia magugu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilitoa tani 20,000 hivi tu. Aliyekuwa na akiba katika mfuko wa NPF, ulioanzishwa 1964, alilipwa mara moja na basi. Haikuwa pensheni ya kila mwezi. Fedha iliisha, mtu akabaki.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 leo amepita 80. Wachache waliobaki utawakuta katika kambi za zamani za mashamba. Vidole vimekunjamana kwa miaka ya kushika panga, na miiba ya mkonge imeacha alama mikononi. Hawana mwamba wa kutafuta pweza, kwa maana si watu wa bahari. Hawana shamba, kwa maana ardhi ya kambi ni ya shamba la mkonge. Wengine hawana mtoto wala mjukuu.

Sasa tuseme mkutano umeitwa katika kijiji chochote cha pwani hii. Hatutaji jina, kwa sababu jambo hili laweza kutokea popote, hata kwako. Chini ya mwembe watu wamejaa. Mmoja anasema, "Muandikeni shangazi yangu." Mwingine anasema, "Na mama mkubwa." Kila jina lina mdomo wa kulisema. Mzee wa kambini hayupo. Miguu haifiki, na hakuna aliyekwenda kumwambia kuna mkutano. Mtu mmoja anamkumbuka, anasema, "Na yule mzee wa kambini?" Mwingine anamjibu upesi, "Yule wa kuja. Ana kwao."

Kwao ni wapi? Amekaa hapa miaka 60. Aliyemwita wa kuja alizaliwa akamkuta.

Utaratibu hauulizi kabila wala mahali mtu alipozaliwa. Unauliza mtu anaishi wapi na anaishije. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mtu mmoja na chungu chake ni kaya. Pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo, na hao nao huanza kutambuliwa hapa kijijini. Anayekataliwa anaweza kupeleka malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, na yakishindikana, wilayani. Lakini mzee asiyefika mkutanoni atafikaje wilayani?

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ng'ambo ya maji haya, wamefuata njia nyingine kwa wazee. Kuanzia Aprili 2016 serikali ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe maskini au asiwe maskini. Hakuna mkutano wa kumchagua. Umri wake ndio unaomsemea. Kwa maoni yetu njia hiyo ni nyepesi zaidi kwa mzee asiye na ndugu. Bara ina watu wengi mno kuliko visiwa, na fedha inayotakiwa si ndogo, hilo tunalielewa. Lakini mahali ambapo umri hausemi, lazima aseme mtu.

Huyo mtu si lazima awe ofisa. Mara nyingi ni mama mmoja wa kamati, mwenye daftari la kurasa 48 na kalamu iliyofungwa uzi asiipoteze. Ana kazi zake. Ana moto ameuacha jikoni. Bado anatembea hadi kambini, kwa sababu ameona orodha ina majina ya mitaa yote isipokuwa huko.

Akifika anakuta jambo jingine. Mzee ana majina mawili. Lipo alilopewa na baba yake, na lipo aliloandika karani wa shamba, ambaye hakulisikia vizuri au hakujali. Katika kitambulisho limo la karani. Watu wa kambini wanamwita kwa la baba yake. Majina yakitofautiana, malipo yanaweza kukwama miezi mingi. Mama anajua hilo, kwa sababu limewahi kumpata jirani.

Anakaa kwenye kigogo. Anamwomba mzee kitambulisho, anakisoma polepole, herufi kwa herufi, kwa kuwa naye alijifunza kusoma ukubwani. Anaandika jina la kwanza. Kisha anamuuliza, "Na hili la nyumbani kwenu, baba, linaandikwaje?" Mzee anacheka. Hajawahi kuliona limeandikwa. Analitamka mara mbili, naye anaandika kama alivyosikia, halafu anamsomea, na mzee anatikisa kichwa kukubali.

Mkutano wa kusoma orodha ni Jumamosi, saa 4 asubuhi. Amemwambia atamtumia kijana mwenye baiskeli.